Shiin

Mwalimu Chizuru alikuja Mafinga na sanduku moja,
sweta mbili za kijivu, na neno hili.

Siku ya kwanza aliuliza kipeuo cha pili
cha mia moja arobaini na nne.
Kidato cha Pili B tukainamisha vichwa
kama majani ya viazi yaliyoungua kwa sakitu.
Akangoja. Hakukasirika. Akachukua chaki,
akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: SHIIN.
Kwetu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea,
hii ni sauti ya kimya.

Tulicheka mpaka madawati yakatingishika.
Kimya kina sauti? Basi njaa ina harufu gani,
akauliza Luvanda, na mwalimu akacheka naye.
Huko kwao, akasema, vitabu vya picha
huliandika neno hilo hewani, juu ya vichwa vya watu,
pale mmoja anapotamka lisilofaa
na wengine wote wanakosa pa kutazama.
Au theluji imeshuka usiku kucha,
mtu anafungua dirisha: shiin.
Au nyumba ambayo watoto wake wamehama.
Lisiseme haraka. Livute.

Sisi tuna jii, nikanyoosha mkono. Kimya jii.
Kama nyeupe pe, kama nyeusi tii,
kama ndoo iliyojaa ndi.
Akaandika daftarini kwa penseli,
akanitazama kama mtu aliyekutana na shangazi yake
katika soko la ugenini.
Lakini jii si sauti, nikaongeza
kwa kiburi cha miaka kumi na mitano.
Jii ni kifuniko. Unafunika sufuria, basi.

Jioni nikamsimulia baba.
Ilibidi niandike, maana baba, miaka ishirini na miwili,
amesukuma magogo ya misindano kwenye msumeno
bila kitu masikioni ila vumbi la mbao,
na msumeno, kila mwisho wa mwezi,
ulikuwa na makato yake.
Kamwene yetu huisoma midomoni.
Mama humwita kwa kumrushia punje ya mahindi.

Nikaandika nyuma ya pakiti ya mbegu za kabichi:
SHIIN. Wajapani wanasema kimya kina sauti.
Nilitegemea acheke.
Akaisogeza karibu na taa, akafuata kwa kidole.
Midomo yake ikaivuta ile i, ndefu, nyembamba,
kama waya wa umeme unavyolia ndani ya ukungu.
Kisha akagonga sikio lake mara mbili.

"Ni hii," akasema,
kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia,
mpaka kuku wakashtuka bandani.
"Ni hii hii. Haizimi. Mashine zimezimwa,
nyote mmelala, mimi nipo nayo.
Daktari kule Iringa aliniambia ni ugonjwa.
Huyo mwalimu wako kaambiwa na nani?"

Mama aliacha kuchambua maharage.
Miaka yote hiyo tulidhani ndani yake hamna kitu,
tulidhani jii,
na tulikuwa tukisema mambo yetu mbele yake
kama mbele ya kabati.

Jumamosi akavaa koti la kanisani,
akachukua ubao mmoja alioupiga randa mwenyewe,
akaenda nao shuleni kama mtu anayepeleka jogoo.
Mwalimu akaupokea kwa mikono miwili, akainama.
Baba naye akainama. Akainama tena.
Wakakaa kwenye ngazi za maabara,
mmoja na Kiswahili nusu, mmoja bila masikio,
bakuli la karanga katikati.

Ukungu ukapanda kutoka upande wa mashamba ya chai,
ukameza uwanja, ukameza goli la mbali,
halafu la karibu, halafu mlingoti wa bendera.
Hakuna aliyesema neno.
Baba akainua kidole kimoja, hivi,
kama anayeonyesha ndege mtini,
na mwalimu akatikisa kichwa: ndiyo.

Mimi nilikuwa nimeletwa kutafsiri.
Nilikaa tu, nikila karanga zao.